Super Bowl wanaibeba wale wanne wa mbele, sio mkimbiaji

Mhariri, salaam,

Nimesoma makala yenu ya michezo inayosema Philadelphia Eagles walichukua ubingwa wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, msimu wa 2024 kwa sababu ya mbio za Saquon Barkley, mkimbiaji wao anayepewa mpira akimbie nao, nikaona siwezi kunyamaza, maana ile fainali, yaani Super Bowl, wengine tulikesha kuiangalia, kwa saa za huku inaanza saa nane na nusu usiku, na tulichokiona pale New Orleans sio hicho mlichoandika.

Barkley ni moto, hilo sibishi, yadi 2,005 msimu wa kawaida wanazifikisha wachache sana. Lakini kwenye fainali yenyewe wapinzani wao Kansas City Chiefs walimbana kwelikweli, alikimbia na mpira mara 25 akaambulia yadi 57 tu, na bado Eagles wakashinda 40-22, tena mapumziko ilikuwa 24-0! Sasa kama ni mbio, mbio zipi? Ile mechi ni ya difensi jamani, wale wanaozuia. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, yaani mpiga pasi wao, aliangushwa na mpira mkononi mara 6, pasi zake 2 zikanaswa, moja beki wa Eagles Cooper DeJean akakimbia nayo mpaka tachidauni, yaani akaufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, na kinachonikosha zaidi ni kwamba Eagles hawakutuma mtu wa ziada kumvamia hata mara moja, wale wanne wa mbele walitosha wenyewe, saba wakabaki nyuma wanakaba, yaani Mahomes akitazama kushoto hakuna aliye wazi, kulia hakuna, akizubaa kidogo tu Josh Sweat, mmoja wa wale wanne, kashafika.

Mwandishi wenu hapo ndo angepaangalia. Tangu 1978 sheria zinampendelea mpiga pasi, beki haruhusiwi kumsukuma mpokeaji akishavuka yadi 5 kutoka mpira ulipoanzia, na wanaomlinda kwotabeki waliruhusiwa kunyoosha mikono na kuzuia kwa viganja. Ukimwachia muda kwotabeki mzuri atakumaliza tu, hata uwe na mabeki gani, dawa yake ni kumfikia mapema. Mkimbiaji peke yake hafiki mbali siku hizi: Eric Dickerson alikimbia yadi 2,105 mwaka 1984, Barry Sanders 2,053 mwaka 1997, na wote wawili wamestaafu bila kucheza Super Bowl hata moja.

Na wa pasi nao wasijigambe. Patriots wa 2007 walishinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida wakafunga pointi 589, fainali wakaja Giants wakamwangusha kwotabeki wa Patriots, Tom Brady, mara 5, kwisha habari, 17-14. Broncos wa kwotabeki Peyton Manning walifunga pointi 606 msimu wa 2013, fainali Seattle wakawapiga 43-8.

Ila mfano ninaoupenda ni wa Eagles haohao. Msimu wa 2022 difensi yao iliangusha makwotabeki mara 70, watu wakaiogopa, halafu fainali ikawa na hawahawa Chiefs, wakashindwa kumwangusha Mahomes hata mara moja. Jalen Hurts, kwotabeki wa Eagles, siku hiyo alicheza mpira wa maisha yake, tachidauni 3 kwa miguu na 1 kwa pasi, pointi 35 zikawekwa ubaoni, wakapoteza 38-35. Kwotabeki yuleyule, mpinzani yuleyule, miaka miwili baadaye wanashinda kwa kishindo na mkimbiaji kabanwa, kilichobadilika ni kwamba safari hii Mahomes alifikiwa. Mi sioni ushahidi gani mwingine mtu anautaka.

Mbio zina kazi yake, ukishaongoza unakimbia unakula muda wa mechi, mpinzani hana la kufanya, na msimu mzima zinawapumzisha mabeki wako. Lakini uongoze kwanza.

Ombi langu, msimu ujao mkiripoti fainali msiishie kwenye yadi za mkimbiaji na pasi za kwotabeki, tuwekeeni na kwotabeki kaangushwa mara ngapi, nani kamwangusha, na walikuja wangapi kumfuata. Na Sweat aliyemwangusha Mahomes mara mbili na nusu kwenye fainali apewe hata aya moja, makala yenu nzima haina jina lake.

Msomaji wenu,
Tanga