Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kuikimbia baiokemia

Mdogo wangu,

Nimeisikiliza voisi yako yote, nikairudia tena usiku baada ya kutoka shifti, na nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hapa wazi, maana hauko peke yako, kuna watoto wengi wa Kigoma wametoka advansi na PCB zao (fizikia, kemia na baiolojia) nzuri kabisa, wakifika chuo wakakutana na baiokemia ya utangulizi, yaani kemia ya viumbe hai, wanaanza kuulizia fomu za kuhama kozi kabla hata ya testi ya pili. Sikulazimishi, maisha ni yako. Ila sababu uliyonipa ndo imenikaa moyoni, umesema "dada hii kitu ni kukariri tu, majina hayaishi". Hapo ndo nakukatalia, na nataka nikuonyeshe kwa nini.

Najua mnavosoma huko. Slaidi zinatumwa kwenye grupu, mnaprinti madesa, unakariri amino asidi 20 (matofali ya protini), wiki inayofuata hatua 10 za glaikolisisi (njia ya kuvunja glukosi, ile sukari ya damu), wiki nyingine mzunguko wa Krebs (mduara wa kumalizia kuchoma chakula ndani ya seli), kila kitu kwenye kisanduku chake. Alafu kwenye mtihani mwalimu hakuulizi utaje, anakuuliza nini kitatokea ikiwa enzaimu fulani, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, imezibwa, na hapo majina yote uliyoyabeba hayakusaidii. Kwa hiyo mimi naomba ubadilishe kitu kimoja tu kwenye usomaji wako. Kila njia unayofundishwa, yaani mfululizo wa hatua za kemikali, iweke kwenye karatasi, ziba sehemu moja, alafu jiulize, nyuma yake nini kinarundikana na mbele yake nini kinakosekana. Basi. Ukizoea hilo swali baiokemia yote inakuwa somo moja.

Ngoja tuanze na kitu cha nyumbani. Unakumbuka bibi anavotengeneza muhogo mchungu, anaumenya, anauloweka siku kadhaa mpaka maji yanakuwa meupe na ile harufu kali inatoka, akibonyeza na kidole kinaingia, ndo anautoa, anaukamua, anauvunjavunja kwa mkono na kuchomoa zile nyuzi za katikati, alafu anaanika juani mpaka ukauke kabisa ndo twende mashineni. Hakuna aliyemfundisha kemia lakini kila hatua pale ina maana yake. Ndani ya muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, ni glukosi iliyobebana na sianidi, na seli ya muhogo inaitunza sehemu yake, na enzaimu ya kuivunja, linamaresi, iko sehemu nyingine kwenye ukuta wa seli. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukilainika na kuvunjwavunjwa vinakutana, linamarini inakatwa, na mwisho wa safari inatoka haidrojeni sianidi, ambayo inachemka kwenye nyuzi joto kama 26 tu, kwa hiyo nyingine inaondoka na maji na nyingine inaruka hewani pale kwenye maanikio. Yaani bibi anaiachia enzaimu muda wa kufanya kazi, alafu anaitoa sumu kabla sisi hatujala. Sasa ukifika lekcha ya enzaimu wakaanza kukwambia sabstreti (kile enzaimu inachokifanyia kazi), joto, pH (kipimo cha uasidi), kwa nini enzaimu inahitaji kukutana na sabstreti yake, wewe una picha tayari kichwani.

Sasa chukulia muhogo haukulowekwa vizuri, mtu amekula, sianidi imeingia mwilini. Inaenda kuziba wapi? Inaenda kwenye mitokondria, jiko la nishati la seli, kwenye kompleksi ya nne, ya mwisho kwenye mnyororo unaopokezana elektroni, ile saitokromu c oksidesi, inajishikiza kwenye chuma cha himu mle ndani, pale pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikabidhiwe elektroni igeuke maji. Hapo chukua karatasi. Elektroni haziwezi kufika kwenye oksijeni, kwa hiyo kompleksi ya tatu inajaa, ya kwanza inajaa, ni kama mitumbwi ya dagaa pale mwaloni Kibirizi asubuhi, wa mbele asipopakua wa nyuma wote wanasimama majini. NADH, mbebaji wa elektroni, haina pa kushusha, inarundikana, na NAD+, yaani mbebaji huyohuyo akiwa mtupu, inaisha. Mzunguko wa Krebs unataka NAD+, unasimama. Protoni zinazoendesha utengenezaji wa ATP (sarafu ya nishati ya seli) hazisukumwi tena, ATP ya mitokondria inakauka. Seli inabaki na glaikolisisi peke yake ambayo inatoa ATP 2 kwa kila glukosi, wakati njia nzima ingetoa kama 30 hadi 32, na hata hiyo glaikolisisi inahitaji NAD+, kwa hiyo pairuveti, zao la mwisho la glaikolisisi, inageuzwa lakteti ili NAD+ irudi.

Na hapa kuna swali ambalo mimi nalipenda sana, mtu huyo anakosa hewa kwenye seli lakini damu yake ya vena inakuwa nyekundu ya kung'aa, kwa nini? Jibu umeshalishika, oksijeni imefika, imebebwa na hemoglobini vizuri tu, ila hakuna wa kuipokea kwenye seli kwa hiyo inarudi nayo. Ukilielewa hilo umeelewa tofauti ya kubeba oksijeni na kuitumia, na hiyo haipatikani kwa kukariri majina ya kompleksi.

Asidi ya lakteti ikijaa inaenda wapi? Kwenye damu, na hapo ndo unakutana na ile topiki ya pH na bafa (kinachozuia pH isiyumbe) uliyosema unaichukia. Fanya hesabu na mimi. Baikaboneti ya kawaida ni kama milimoli 24 kwa lita, kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ni kama 1.2. Gawanya 24 kwa 1.2 unapata 20, logi ya 20 ni kama 1.3, jumlisha na pKa ya 6.1 (namba ya kudumu ya bafa hii), unapata 7.4, ndo pH ya damu yako wewe hapo ulipokaa. Sasa asidi imekula baikaboneti imeshuka mpaka 12. Ukiacha kaboni dayoksaidi vilevile, uwiano unakuwa 10, logi yake 1, pH inashuka 7.1, na hapo mtu yuko kwenye hatari kubwa. Ndo maana mgonjwa mwenye asidi nyingi anahema haraka haraka, mwili unatoa kaboni dayoksaidi ili ule uwiano urudi juu. Fomula hii tuliyotumia, ya Henderson na Hasselbalch, sio mapambo ya slaidi, hapa maabara ninapofanya kazi namba hizi ni mtu amelala wodini na daktari anasubiri majibu.

Kuna kipande kimoja cha muhogo bado. Mwili una njia ya kuiondoa sianidi kidogo kidogo, enzaimu inaitwa rodanesi, inaibandika salfa inakuwa thayosayaneti ambayo haina ukali ule na inatoka kwenye mkojo. Salfa inatoka wapi? Kwenye amino asidi mbili, sisteini na methionini, yaani kwenye protini unayokula. Angalia sahani yetu sasa, ugali wa muhogo na dagaa. Ule mseto una akili kubwa kuliko tunavoufikiria. Na sehemu ambazo ukame umebana, muhogo mchungu unaliwa bila kuandaliwa vizuri na hakuna samaki wala maharage, ndo unatokea konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na haurudi nyuma, ilitokea Tarime mwaka 1985. Kwa hiyo mdogo wangu ukiambiwa ukariri kwamba sisteini na methionini zina salfa, usikariri, kumbuka dagaa.

Umeona tumepita wapi? Enzaimu, mnyororo wa elektroni, Krebs, glaikolisisi, bafa, amino asidi. Nusu ya semesta imepita kwenye swali moja.

Wala hii ya kuziba sio mbinu nimeitunga mimi, mzunguko wenyewe wa Krebs ulipatikana hivohivo. Mwaka 1937 Hans Krebs alikuwa Sheffield kule Uingereza, anasaga misuli ya kifua cha njiwa na kupima inavotumia oksijeni. Akaweka maloneti, ambayo inafanana na saksineti (moja ya vituo vya mzunguko) kiasi kwamba inaenda kukaa kwenye nafasi yake na kuziba enzaimu, saksineti ikarundikana. Alafu ikaonekana inarundikana hata ukianzia upande wa pili, kwenye oksaloaseteti, na hiyo inawezekana tu kama njia inazunguka na kujifunga. Jarida la Nature lilimrudishia ile makala, akaichapisha kwingine, mwaka 1953 akapewa tuzo ya Nobeli. Nakwambia haya kwa sababu kwenye slaidi ule mduara unaonekana kama umeshuka kutoka mbinguni ukiwa umekamilika, wakati kuna mtu alikaa akauliza nini kinajaa na kwa nini. Na hiyo maloneti ndo mfano wako wa kizuizi cha kushindana, ukiuelewa huo, mambo ya Km (kiasi cha sabstreti kinachoifikisha enzaimu nusu ya kasi yake) kupanda na Vmax (kasi yake ya juu kabisa) kubaki palepale yanajieleza yenyewe, sabstreti ikiwa nyingi sana inamzidi mshindani.

Amino asidi 20, sawa, hapo kuna kukariri kidogo siwezi kukudanganya. Ila zipange kwa tabia sio kwa alfabeti, zipi zina chaji, zipi zinapenda maji, zipi zinayakimbia. Kwenye sikoseli, ugonjwa wa selimundu, ni amino asidi moja tu imebadilika, nafasi ya 6 ya beta globini (sehemu ya hemoglobini), glutameti yenye chaji hasi imeondoka imeingia valini inayokimbia maji, na kwa ajili hiyo hemoglobini ikikosa oksijeni zinashikamana, seli inapinda, mtoto analia na maumivu usiku kucha. Nawaona hao watoto. Tofauti ya glutameti na valini sio kitu kidogo.

Mafuta utayapita haraka ukiwa na mawese kichwani. Asidi ya palmitiki, iliyojaa kwenye mawese, ina kaboni 16, inakatwa mbilimbili, mikato 7, unapata asetili-CoA 8 (vipande vya kaboni mbili vinavyoingia Krebs), ukijumlisha na NADH na FADH2 (mbebaji mwingine wa elektroni) zake na kutoa gharama ya kuanzia unapata ATP 106. Fanya hiyo hesabu mwenyewe kwa mkono, usiangalie jibu la mwenzako.

Kuhusu namna ya kukaa na kitabu, nitakwambia moja tu. Usisome kwa kupaka rangi mistari, unajiona umeelewa kumbe macho ndo yamezoea. Funga madesa, chukua karatasi nyeupe, chora njia kutoka kichwani, utakapokwama weka alama, fungua uangalie pale tu, funga tena. Diskasheni iwe ya watu wachache, kila mmoja aje na kitu alichokiziba na wengine waseme nini kitatokea. Pasti pepa zifanye kwa muda kabla hujaona majibu yanayozunguka kwenye grupu. Na nenda ofisini kwa mwalimu ukiwa na ile karatasi yenye alama, usiende na "sijaelewa topiki nzima", nenda na mshale mmoja unaokusumbua, utaona anavokaa na wewe.

Testi yako ni karibu kwa hiyo nakuachia la kuanzia. Mtu ana kisukari, hana insulini, glukosi imejaa kwenye damu lakini ini linachoma mafuta kwa kasi, asetili-CoA imejaa, oksaloaseteti imechukuliwa kwenda kutengeneza glukosi nyingine. Wapi pamezibwa, nini kimerundikana, kwa nini pumzi yake inanukia kama asetoni, na pH ya damu inaenda wapi? Chora yote kwenye karatasi moja unitumie picha hata kama umeishia njiani, Jumamosi sina shifti, tutapiga simu tuipitie mshale kwa mshale.

Dada yako,
Kigoma