Mwanangu, kabla hujamlilia tena Heathcliff

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umemaliza Wuthering Heights, riwaya ya Mwingereza Emily Brontë, umelia mpaka macho yamevimba, na sasa unamwomba Mungu akupe mwanamume atakayekupenda kama Heathcliff alivyompenda Catherine. Mimi ni shangazi yako, na mambo ya namna hii shangazi ndiye huachiwa kuyasema. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wenzako wengi wanaomba dua hiyo hiyo.

Machozi ya kurasa za mwanzo siyagusi. Heathcliff, angali mtoto, anaokotwa mitaani Liverpool, analetwa kwenye nyumba ya mlimani kule Yorkshire bila hata jina la ukoo. Mzee Earnshaw, baba yake Catherine aliyemwokota, akishafumba macho, mwanawe Hindley anamgeuza kibarua wa shamba, anampiga, anamwachisha masomo. Kisha usiku mmoja Heathcliff anamsikia Catherine akimwambia Nelly, mtumishi wa nyumba, kwamba kuolewa naye kutamshusha hadhi. Anaondoka zake kabla hajasikia maneno yaliyofuata, pale Catherine aliposema kwamba yeye na Heathcliff ni nafsi moja. Hapo hata mimi roho iliniuma, na asiyeumia hapo sijui anasoma kwa moyo gani.

Lakini miaka mitatu baadaye anarudi mtu mzima, na mfuko umejaa. Kuanzia hapo nataka tuulizane jambo moja: Isabella alimkosea nini?

Hakuwahi kumpiga wala kumnyang'anya kitu. Kosa lake ni kuwa dada wa Edgar Linton, mume wa Catherine, na kumpenda mtu aliyemwona na majonzi usoni. Usiku wa kutoroka naye, jambo la kwanza Heathcliff analolifanya mbele yake ni kukitundika kijibwa chake kwa leso. Nelly anakikuta kinakaribia kukata roho. Baadaye anamrushia kisu cha mezani, kinamchana chini ya sikio, naye anakimbia kwenye theluji na viatu vyepesi, gauni la hariri limemgandia mwilini, na mimba tumboni. Anakwenda kuishi mbali, kusini, na huko ndiko anakofia. Wewe katika ujumbe wako wote hukumtaja hata mara moja. Sikulaumu, wasomaji wengi humpita hivyo hivyo. Machozi yake ni ya samaki, yanaishia majini.

Na mwandishi hakutuficha. Catherine mwenyewe, huyo huyo anayependwa, anamwonya Isabella kwamba Heathcliff ni mtu mkali asiye na huruma, atamponda kama yai la shomoro. Heathcliff naye anamwambia Nelly waziwazi kwamba Isabella alijidanganya, alimfanya shujaa wa hadithi za mapenzi. Soma tena hapo, mwanangu. Mtu amesimama katikati ya kitabu anatuambia yeye si yule tunayemdhani, na sisi bado tunamng'ang'ania. Charlotte, dada yake Emily Brontë, alipoandika dibaji ya toleo la 1850, hakumtafutia Heathcliff udhuru: alisema huyo hakuokolewa.

Nadhani sinema nayo imechangia. Ile ya mwaka 1939, aliyocheza Laurence Olivier, iliwaacha kabisa watoto wa kizazi cha pili, ikabaki na wapenzi wawili na upepo wa mlimani. Ukiondoa watoto, umeondoa ushahidi wote dhidi yake. Huoni Cathy mdogo, binti wa Catherine na Edgar, akifungiwa ndani, akizabwa makofi huku na huku, akilazimishwa kuolewa na Linton, mtoto mgonjwa wa Heathcliff na Isabella, wakati baba yake anakata roho nyumba ya pili. Kwa sheria ya Uingereza ya siku zile, mali ya mke ilikuwa ya mume, na mambo hayakubadilika sawasawa mpaka 1882. Heathcliff aliijua sheria hiyo vizuri. Linton, mwanawe wa kumzaa, anapozidiwa, baba anakataa kutoa hata senti ya daktari. Huyo naye alimwonea lini?

Utaniambia, shangazi, aliumizwa utotoni. Najua. Ndiyo maana nataka umtazame Hareton.

Hareton ni mtoto wa Hindley. Heathcliff anamchukua akiwa mdogo, siku ya mazishi ya baba yake anamnyanyua juu ya meza na kusema wataona kama mti mwingine hautapinda vilevile ukipigwa na upepo ule ule. Anamnyima kusoma, anamfanya mtumishi katika nyumba iliyokuwa ya baba zake, anamfundisha matusi. Kila alichotendewa yeye anakirudia kwa mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati fimbo za Hindley zilipoanza. Upepo ulikuwa ule ule kweli, na Hareton hakupinda. Anajifunza kusoma kwa aibu, anachekwa, anaanza tena, mpaka Cathy anakaa naye na kitabu. Na Heathcliff anapokufa, mtu pekee anayemlilia kwa uchungu usiku kucha kando ya maiti ni huyo Hareton, aliyedhulumiwa kuliko wote.

Kwa hiyo mateso ya utotoni yanaeleza mengi, lakini Isabella, Linton na Cathy si watu wa kulipishwa deni lile. Kumhurumia mtoto aliyekuwa si sawa na kumsamehe mtu mzima kwa niaba ya wale aliowaumiza. Catherine alikuwa kaburini miaka mingi wakati mengi ya haya yanatendwa, tena kwa jina la kumpenda. Sitaki mtu akupende hivyo. Sitaki pia uwe na mpenzi ambaye jirani, mtoto na mbwa wanalipa gharama ya mapenzi yake kwako.

Ukija Jumapili, njoo na kitabu. Tutaanza sura ya 13, kwenye barua ambayo Isabella anamwuliza Nelly kama Heathcliff ni binadamu. Nataka uisome wewe, kwa sauti, halafu tuzungumze.

Shangazi yako