Wiski ya mnanaa kwa mkesha wa Mwaka Mpya

Kirumba, Mwanza
18 Desemba

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi sana kusikia kwamba wageni 12 watakesha kwenu Buswelu. Ile wiski ya mnanaa unayoiulizia Wamarekani huiita julepu. Ndiyo kinywaji rasmi cha mbio za farasi za Kentucky Derby, kule Churchill Downs mjini Louisville, tangu 1938. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kiajemi, gulab, yaani maji ya waridi, likapitia Kiarabu hadi Ulaya. Vitu vyake ni vinne tu: wiski, sukari, mnanaa na barafu. Kimoja kikikosewa, hakuna cha kukifunika.

Barafu ndiyo yenye kazi, kwa hiyo anza nayo siku 2 kabla, maana umeme ukikatika jioni ya tarehe 31 utakuwa umechelewa. Glasi moja inakula kama gramu 250. Kwa glasi 12 gandisha kilo 3, na kilo moja zaidi ya tahadhari. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha yagandishe kwenye makopo yenye mifuniko. Usiache kufunika: barafu hunyonya harufu, na friza iliyolaza sangara au dagaa itakupa kinywaji chenye shombo. Yale mabonge ya barafu ya kuhifadhia samaki kwenye mialo ya wavuvi usiyasogeze karibu na glasi. Yametengenezwa kwa ajili ya samaki.

Siku yenyewe, iponde kwa mkono. Ifunge kwenye taulo safi la pamba, iweke juu ya ubao, ipige kwa mchi hadi ufikie ukubwa wa punje za mahindi. Taulo linanyonya maji yanayotoka, barafu inabaki kavu. Blenda inaisaga ikawa unga, na unga huyeyuka kabla mgeni hajafika katikati ya glasi. Anakunywa maji yenye harufu ya wiski. Vipande vikubwa navyo havifai: havipoozi haraka, na havitoi yale maji kidogo yanayolainisha ukali wa wiski. Ukishaponda, irudishe kwenye friza au kwenye deli lenye mfuniko. Ikituama maji chini, yamwage kabla ya kutumia.

Sasa mnanaa. Sokoni chukua ule wa chai wenye harufu tamu na majani mabichi yasiyo na madoa. Kuna aina nyingine inayochoma ulimini kama dawa ya meno. Hiyo itaimeza wiski yote. Ukifika nyumbani kata ncha za mashina, simamisha fungu kwenye glasi ya maji kama maua, liache jikoni penye kivuli. Usiliweke karibu na friza, baridi kali huyafanya majani kuwa meusi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanautwanga mnanaa kama kitunguu saumu. Harufu yake imekaa kwenye vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya jani, ukiligusa tu inatoka. Ukilisaga, unatoa na uchungu wa majani mabichi, halafu vipande vinaziba mrija. Ukiona rangi ya kijani kibichi imesambaa kwenye kinywaji, ujue umezidisha.

Kwa watu wengi kama hao, njia rahisi ni kutengeneza shira ya mnanaa asubuhi yake. Gramu 200 za sukari, mililita 200 za maji. Pasha moto ukikoroga mpaka sukari iyeyuke, epua, subiri kama dakika 10 ipungue moto. Ndipo utumbukize konzi moja ya majani, uyaache dakika 20, uchuje. Ukiyatia ikiwa inatokota, shira inageuka kahawia na kunuka kama majani yaliyopikwa. Ukiyasahau humo hadi jioni, inakuwa chungu. Utapata kama mililita 320, zaidi ya unachohitaji. Sukari ya chenga usiitie moja kwa moja kwenye wiski baridi. Haiyeyuki vizuri, inatulia chini, na mgeni anakutana nayo mwishoni.

Wiski nzuri kwa kazi hii ni ile ya Kimarekani yenye neno Bourbon kwenye lebo. Kwa sheria yao lazima angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, na ikae kwenye mapipa mapya ya mbao za mti wa mwaloni yaliyochomwa ndani. Huko ndiko inakotoa utamu na harufu ya vanila, na mnanaa unaupenda utamu huo. Ya Uskochi yenye moshi mwingi itagombana nao. Ukikosa Bourbon, chukua ya Ayalandi iliyo laini. Mzinga mmoja wa mililita 750 unakutosha.

Kipimo ni wiski 4 kwa shira 1. Glasi moja ni mililita 60 za wiski na 15 za shira. Usikadirie kwa jicho. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kikioshwa vizuri, kina alama ya 15. Jaza mara 4, kisha mara 1. Kwa wageni wote, changanya mililita 720 za wiski na 180 za shira kwenye chupa ya lita moja, ifunge, uilaze kwenye friji. Majani usiweke humo.

Vikombe vya stili ni bora kuliko glasi, kwa sababu chuma kinapitisha baridi upesi. Viweke friza nusu saa. Jaza barafu nusu, mimina mililita 75 kutoka kwenye chupa, koroga kwa kijiko kirefu sekunde 20 hadi 30. Kwa unyevu wa hewa yetu ya ziwani utaona ukungu mweupe unapanda nje ya kikombe. Ukifika karibu na mdomo, acha kukoroga. Ongeza barafu mpaka ifanye kichuguu. Kishike kwenye ukingo, vidole vikigusa ubavu vinaufuta ule ukungu.

Mwisho chukua kitawi cha mnanaa, kipige mara moja kati ya viganja, kichomeke kando ya mrija. Mrija uwe mfupi, ili pua iingie majanini kila mtu anapokunywa. Kwa ajili ya sikukuu, kwangua kungumanga kidogo juu yake, inapendeza kweli. Ndimu usitie. Si mbaya, ila inakuwa kinywaji kingine.

Kwa wasiotumia pombe, ile shira iliyobaki itaokoa: kijiko 1 cha mezani, maji ya nusu ndimu, barafu, jazia soda ya tangawizi. Watengee vikombe na kijiko chao.

Na waambie wageni ukweli kabla hawajaonja. Kikombe kimoja kina pombe karibu sawa na chupa ya bia ya mililita 500, ila kinateremka kama juisi. Weka majagi ya maji mezani, chakula kitangulie, na wenye funguo za gari au pikipiki wapewe ile ya tangawizi.

Wako,
rafiki yako wa Kirumba