Barua ya wazi kwa mpwa wangu: mbegu hutengwa kwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia kwamba umepata kazi hapa Nairobi na kwamba mwisho wa mwezi utapokea mshahara wako wa kwanza. Nakuandikia hadharani kwa sababu vijana wengi wanaoshuka pale Machakos Country Bus, kituo cha mabasi yatokayo mashambani, wamelelewa kama wewe, kisha huziacha nyumbani desturi ambazo zingewafaa zaidi mjini.

Unajua vyema jinsi nyanya yako anavyoyashughulikia mahindi yake kule Makueni. Hauzi hata gorogoro moja kabla hajachagua yale makubwa yenye punje zilizojaa, akayaning'iniza juu ya meko ili moshi uyakinge dhidi ya fukusi. Hiyo ni mbegu, na haiguswi hata njaa ikibisha hodi. Baadaye hutenga chakula cha kufikisha nyumba kwenye mavuno mengine, na kinachosalia ndicho anachomwonyesha mnunuzi. Upande ule mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, zile za Machi hadi Mei huwaangusha watu mara nyingi, na aliyekula mbegu hulazimika kuinunua kwa bei ya dukani wakati hana kitu.

Basi mshahara nao ugawe siku ile ile unapoingia: akiba kwanza, kisha kodi, chakula na nauli, na matumizi mengine yangoje zamu yao. Mkopo wa simu huja kwa dakika chache na huonekana mdogo, lakini nimewaona watu wazima wakikopa huku ili walipe kule, hadi mshahara ukawa unapita tu mikononi mwao. Ukikopa kwa ajili ya mgonjwa sitakulaumu. Ukikopa kwa ajili ya viatu nitasikitika sana.

Liko jambo jingine, nalo nalitilia mkazo. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki katika Makueni, Kitui na wilaya jirani kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, mengi yakiwa yamehifadhiwa kabla hayajakauka. Ndiyo maana nyanya yako hutia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, akaitikisa vizuri, akaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, punje bado zina unyevu, na mahindi yote hurudi kwenye turubai, hata kama wingu limetanda na magunia yako tayari. Uwe na subira hiyo hiyo utakapoalikwa kwenye chama cha kuweka akiba au biashara. Omba kuona vitabu, waulize waliowahi kutoka kwa nini walitoka, na atakayekukasirikia kwa kuuliza mwache aende zake.

Kuhusu majirani wa ploti sina maneno mengi: wewe umekulia kwenye mwethya, kile kikundi cha Wakamba cha kusaidiana kazi kwa zamu, unajua kwamba asiyefika kuchimba matuta ya mwenzake huchimba yake peke yake.

Mwisho, pesa za vibarua na za kutengeneza matuta nyanya yako huzihitaji mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa bado kavu. Usimtumie Desemba pamoja na salamu za Krismasi, maana palizi itakuwa imeshapita. Anza kuziweka kando kutoka mshahara huu.

Shangazi yako akupendaye.