Kabla sahani haijafika mezani: barua ya wazi kwa walimu vijana wa Sayansikimu

Wanangu walimu wa Sayansikimu, somo letu la mapishi, lishe na ushonaji, katika sekondari za Dar es Salaam,

Salamu ziwafikie nyote, kuanzia Mbagala hadi Bunju, na ninyi mlioko ng'ambo Kigamboni. Mimi nimestaafu, lakini kila mitihani ya vitendo inapokaribia simu zenu hunifikia, na swali ni lile lile: "Mama, hizi alama nizitoeje?" Nimeona nijibu hadharani, ili hata nisiowafahamu wasome.

Jibu langu ni kwamba zaidi ya nusu ya alama ziwe zimeshaandikwa kwenye karatasi yako kabla chakula hakijapakuliwa.

Najua mazoea yalivyo. Wanafunzi wanapika, mwalimu yuko ofisini, kisha sahani zinapangwa juu ya kitambaa cheupe na mwalimu anapita na kijiko, anaonja, anaandika. Kufikia sahani ya kumi na mbili ulimi umechoka, na mtoto aliyekaa mwisho wa meza anaonewa bila mtu kukusudia. Lakini hata ulimi ungekuwa mzima, sahani haiwezi kukwambia kama kuku mbichi alikatiwa kwenye ubao uleule wa kachumbari. Haikwambii kama mchicha ulikatwa kwanza ndipo ukaoshwa, vitamini C na foleti zikaenda na maji. Haikwambii nyanya ngapi zilitupwa zikiwa bado zinafaa. Wala haikwambii nani alipika, maana kwenye kikundi cha watano tunajua wote namna mmoja anavyopika na wanne wakashika vyombo.

Kwa hiyo simameni jikoni. Kaa mahali unapoiona mikono ya watoto, na usiseme neno. Dakika za mwanzo ndizo zenye mengi. Amefunga nywele, amevua pete? Amenawa kwa sabuni, au amejimwagia maji tu? Ameutazama mpango wake wa kazi, au ameanza na kilichomjia mkononi? Mtoto anayeijua kazi huanza na kinachochelewa. Anabandika kwanza maharage aliyoyaloweka tangu jana yake, ndipo anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, na tui linapokuwa tayari maharage yameiva. Wali ukishapaliwa makaa, anatumia muda huo kukata kachumbari na kuosha vyombo vilivyochafuka. Mwenzake anakuna nazi mwanzo kabisa, tui linakaa kwenye joto letu hili hadi linakaribia kuchacha, na maharage yake yanaiva wengine wakiwa wanadeki. Inawezekana kabisa sahani zao zikawa na ladha moja. Ukipima sahani peke yake utawapa alama sawa, na yule wa kwanza hatajua kwamba alichokifanya kilikuwa na thamani yoyote.

Andaeni karatasi ya vigezo, moja kwa kila mtoto, na muandike mambo yanayoonekana kwa macho. "Usafi mzuri" si kigezo, kwa sababu kila mwalimu ana usafi wake kichwani. "Ametenga kisu na ubao wa nyama mbichi" ni kigezo: ama amefanya, ama hakufanya. "Hakuacha chakula kilichopikwa kikae nje zaidi ya muda wa saa mbili" ni kigezo pia, na mjini kwetu ni kizito, kwa sababu vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na hewa ya Dar iko humo humo mwaka mzima. Karatasi hiyo wapeni wanafunzi mapema. Wapo kati yenu wanaodhani huko ni kuvujisha mtihani. Hapana. Mtoto akijua atapimwa kutenga ubao, atajifunza kutenga ubao, na ndicho tunachokitaka.

Mtaniambia darasa lina watoto sitini na jiko lina meza nne. Naelewa. Basi usijaribu kuwaona wote siku moja. Chukua wachache kila kipindi, uwaangalie kwelikweli, na alama hizo ziingie kwenye maendeleo ya mwaka. Mwaka 1967, alipoeleza Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa. Leo tunao mtaala uliorekebishwa ulioanza kutumika 2024, wenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, na mtoto bado anaweza kupata alama ya juu kwa kutaja kazi za protini huku hajui kuandaa dagaa.

Sasa niseme linaloniuma kuliko yote. Shule nyingi humwagiza mtoto aje na vyakula vyake siku ya vitendo. Wa Masaki anakuja na jibini, krimu na minofu ya samaki. Wa Tandale anakuja na dagaa na fungu la matembele alilopewa na mama yake asubuhi. Kisha tunatoa alama za "mwonekano wa mlo". Wanangu, hapo tumempima mzazi. Nimeona watoto wakirudi nyumbani siku hiyo wakiamini hawajui kupika, ilhali dagaa waliopikwa vizuri wana protini na madini ya kalisi (kalsiamu), kwa kuwa huliwa na mifupa yao, na matembele yana vitamini A. Mlo huo ungetosha kushinda kama tungepima lishe.

Wekeni kiwango kimoja cha fedha kwa kila mtoto, au shule inunue na igawe kwa usawa. Kisha manunuzi yenyewe myatie alama. Pale sokoni Buguruni au Ilala hakuna risiti, na fungu la alfajiri si sawa na fungu la jioni. Mtoto aandike alilipa kiasi gani, alipime fungu kwenye mizani ya shule, akokotoe kilo imemgharimu shilingi ngapi. Aeleze kwa nini alichukua kisamvu akaacha kabichi. Hesabu hiyo ndiyo atakayoifanya maisha yake yote.

Mtoto akiwa kazini, sogea umuulize kwa sauti ya chini. Mbona umekamulia ndimu kwenye maharage? Anayejua atakwambia vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, na pengine ataongeza kwamba chai ikinywewa pamoja na mlo huyazuia. Ukisikia harufu ya gesi utafanya nini? Afunge mtungi, afungue madirisha, asiwashe kiberiti wala swichi. Swali hili msiliache. Taifa limejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na watoto hawa ndio watakaofunga mitungi majumbani. Na wanaotumia mkaa bado waulizwe kwa nini jiko halilazwi ndani ya chumba kilichofungwa.

Kwa ushonaji sina mengi. Igeuzeni nguo ndani nje kabla ya kutazama kitu kingine. Pindo, kingo, na mahali zipu ilipokutana na mshono vitawaambia yote. Na mwangalieni mtoto akipiga bandi, ile mishono ya muda ya mkono, kabla ya kukaa kwenye cherehani.

Wavulana msiwapime kwa kicheko. Ugali wa mvulana ukiwa na madonge, una madonge, na alama zipungue kama za dada yake. Ukiwa mzuri, asisifiwe kama aliyefanya muujiza. Mji huu umejaa wanaume wanaopika chakula cha wateja kila siku.

Kabla ya mtihani ujao, ombeni mwalimu mwenzenu asimame nanyi kwa kipindi kimoja. Kila mmoja ajaze karatasi yake bila kumwonyesha mwenzake, kisha mzilinganishe. Mkikuta mmetofautiana sana kwenye kigezo fulani, kosa haliko kwa mtoto, kigezo hakikuandikwa vizuri, kiandikeni upya. Karatasi hizo zirudisheni kwa watoto ndani ya wiki hiyo hiyo, wakiwa bado wanakumbuka walichofanya, na aliyeanguka apewe nafasi ya kupika tena mlo uleule.

Mama yenu,
Mwalimu mstaafu wa Sayansikimu, Dar es Salaam