Mzee Tido, njoo kusini uwafunze vijana wetu kuuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua. Mimi ni fundi redio hapa Mkuti, Masasi. Kazi hii niliianza enzi za redio za mbao, na ingawa siku hizi naletewa simu na sabufa kuliko redio, kibandani kwangu redio inasema tangu nafungua hadi nafunga.

Magazeti yakiwaandika watangazaji wakongwe husifia sauti. Huyu alikuwa na sauti nzito, yule sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Sikatai, sauti ni neema. Lakini Tido Mhando mimi hakunishika kwa sauti. Alinishika kwa kujua kunyamaza.

Nilianza kumsikia Radio Tanzania Dar es Salaam, alikoingia mwaka 1969, akitangaza mpira. Nikaja kumfuata London, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambako alipanda hadi kuiongoza. Vijana hawajui idhaa ile ilikuwa nini kwa mtu wa kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Masika Rufiji ikijaa, magari yanalala njiani, gazeti linafika habari zake zimeshachacha. Jioni saa kumi na mbili na nusu Dira ya Dunia inaanza, watu wamejazana nje ya kibanda, na betri zilizochoka tumezianika juani tangu mchana zisukume japo nusu saa. Hapo ndipo nilipomsoma. Anamuuliza mkubwa swali fupi. Mkubwa anazunguka mbuyu. Mwingine angemdakia, au angemshukuru na kuendelea na mengine. Yeye anamwacha amalize, anatulia kidogo, halafu swali ni lile lile, amelivisha maneno mengine tu, sauti haijapanda hata chembe. Wazee pale nje walikuwa wanacheka: “Kabanwa!”

Mwaka 2006 alirudi nyumbani kuongoza utangazaji wa taifa, uliokuja kuitwa TBC, yaani Shirika la Utangazaji Tanzania. Uchaguzi wa 2010 tukaona Mchakato Majimbo, wagombea ubunge wanawekwa mbele ya wapiga kura wao na kuulizwa maswali. Desemba ya mwaka huo huo mkataba wake ulikwisha na haukuongezwa. Hilo nalitaja kwa makusudi. Baadaye alikwenda kampuni ya magazeti ya Mwananchi, kisha televisheni ya Azam, ambako alianzisha kile kipindi cha mazungumzo cha Funguka, mgeni anaketi naye na kuzungumza kwa nafasi, hakuna kelele wala vicheko vya kulazimisha. Sasa ndiye mwenyekiti wa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari.

Turudi huku. Redio za FM tunazo, Mtwara na Lindi, na nazipenda maana zinasema mambo yetu. Ila sikilizeni. Sisi mafundi tukimaliza kubandika spika iliyochanika hatuijaribu kwa muziki, kwa sababu muziki hufunika kasoro. Tunatafuta taarifa ya habari, mtu anasema peke yake. Hapo spika ikikwaruza utaisikia tu. Watangazaji wetu nao wamejifunza kufunika.

Msimu uliopita kiongozi mmoja aliletwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio mojawapo, mada ni malipo ya korosho. Kibandani walikuwapo wakulima watatu wakingoja simu zao. Mtangazaji akaanza vizuri: wakulima wanalalamika fedha zinachelewa. Kiongozi akajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Nikasubiri. “Tunakushukuru sana mheshimiwa kwa ufafanuzi huo, tupate burudani kidogo.” Ikapigwa singeli. Mmoja wa wale wakulima akaiuliza redio, kwa sauti kabisa: “Lini?”

Neno moja, Mhariri. Mkulima wa Mkuti kaliona, mwenye maikrofoni hakuliona.

Na si swali la kujifurahisha. Tangu mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani uanze, msimu wa 2007/08, mtu anapeleka korosho chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, naye anakaa kungoja fedha benki. Mwaka 2018 Serikali ilizikataa bei za wafanyabiashara, ikasema itanunua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, jeshi likaja kuzibeba. Wako waliolipwa mapema na wako waliongoja hadi mwaka uliofuata. Katika kungoja huko mtoto anatakiwa shule, mgonjwa anatakiwa hospitali. Asiyejua atalipwa lini ndiye anayekwenda usiku kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, kuuza kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo lile swali lililofunikwa na singeli lina gharama, na mwenye kuilipa anajulikana.

Nilimuuliza kijana mmoja mtangazaji, mteja wangu, kwa nini hambani mgeni. Alinijibu bila kuficha: “Mzee, nikimbana leo, kesho matangazo ya ofisi yake hatuyapati. Na mimi mwenyewe silipwi mshahara, napewa nauli.” Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nikayameza. Ndiyo maana nilitaja ule mkataba wa 2010. Sijui nani aliamua nini kule juu na sitaki kubuni, ila kijana wa nauli akiangalia safari ya mkubwa wake huyo anaweza kuona kwamba kuuliza si kazi ya mtu mwenye hofu ya kesho.

Mzee Tido haya anayajua kuliko mimi. Ndiye aliyeongoza kamati iliyotazama hali ya kiuchumi ya vyombo vya habari nchini mwaka 2023. Bodi yake inakagua vyeti, na sheria inataka mwandishi awe na stashahada. Vizuri. Lakini cheti hakionyeshi kama mtu anaweza kukaa kimya sekunde tatu mbele ya mkuu wake wa wilaya na kumuuliza tena.

Ombi langu ni dogo. Kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, yeye mwenyewe, si mwakilishi, aje Mtwara awakusanye watangazaji wa redio zetu za mikoa hii miwili. Asiwafundishe kwa makaratasi. Achukue kanda za vipindi vyao wenyewe, azisimamishe pale penye “asante mheshimiwa”, awaulize: hapa ungesema nini? Na wenye redio wawepo chumbani, wasikie na lile la nauli.

Mazoezi waanze na hili, ambalo hapa kibandani bado halijajibiwa: katika kila kilo moja ya korosho makato ni mangapi, na kila moja linakwenda kwa nani?

Fundi Redio,
Mkuti, Masasi,
Mtwara.