Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: kabla ya kibali cha maduka makubwa, itazameni meza ya genge

Ndugu Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima. Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Watu wameongezeka, na majengo makubwa ya maduka yatazidi kuja. Hatuyapingi. Tunaomba tu kwamba kabla kibali hakijatoka, mtaalamu wa Jiji ashinde siku nzima katika soko la Majengo au Sabasaba, aone fedha inavyozunguka juu ya meza moja.

Meza ya genge hubeba bidhaa za aina mbili. Nyanya, mchicha na matembele ndizo zinazoita wateja, lakini faida yake ni ndogo na hasara yake ni ya kila siku. Tenga la nyanya likifunguliwa alfajiri huchambuliwa mara tatu: ngumu za kesho, zilizoiva za leo, na masalo ambayo mama lishe huyachukua kwa bei ya chini. Pasipo na paa, jua la saa sita hufanya za kesho ziwe za leo, na za leo ziwe masalo. Kinachoziba pengo hilo ni bidhaa kavu: sukari, mchele, karanga, mafuta ya alizeti, sabuni. Hizo hazina haraka ya kuoza.

Duka kubwa huanza na hizo kavu. Mshahara ukitoka, mteja hubeba huko sukari kilo 5 na dumu la mafuta, kisha akapita gengeni kuchukua fungu la nyanya. Kwa macho, genge bado lina watu, kumbe faida imeshahama. Mwenye meza akishindwa kununua tenga zima, huchukua nusu kwa mali kauli (mkopo wa bidhaa, alipe akishauza), kwa bei ya juu, na mwisho meza hufungwa.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye duka kubwa haingii kabisa. Kibarua anayelipwa kwa siku hununua mafuta ya kupima, robo ya sukari, vitunguu viwili. Kipimo hicho hakipo kwenye rafu. Genge la mtaani kwake likifa, itambidi anunue zaidi ya fedha aliyonayo au alale bila.

Kituo cha daladala nacho kina uzito wake. Mteja wa genge hununua akiwa njiani kurudi nyumbani, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Kituo kikisogezwa hata mita 300 kupisha maegesho ya jengo jipya, biashara ya jioni inakufa, na mchicha haulali. Tunaomba kibali kiandike wazi kuwa kituo hakihami mpaka Jiji, LATRA (mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini) na uongozi wa soko wakae pamoja.

Likitaka kuuza mboga, duka kubwa lipewe sharti la kununua sehemu kwa vikundi vya hapa, na malipo yafike ndani ya siku 7. Malipo ya siku 30 au 60 hayambebi mtu ambaye mtaji wake hurudi sokoni kila alfajiri. Mikopo ambayo Jiji hutoa kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu) haitarejeshwa na meza iliyofungwa.

Soko nalo lina kasoro inayofukuza wateja: vipimo. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ikomeshwe, mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na iwekwe mizani moja ya wazi mlangoni ili mnunuzi apime upya alichonunua. Paa, maji ya bomba na mtaro unaopitisha maji ya masika vitangulie kabla ya ushuru kupandishwa.

Tunaomba kikao na ofisi yako kabla kibali kijacho hakijasainiwa. Tutakuja na hesabu za meza zetu.

Wafanyabiashara wa mboga na nafaka, Dodoma